Ng'ombe wa Mahari Kwenye Waifai ya Jilala

Jilala anauza waifai pale Kharumwa, na kwa ubahili wa kasi hana mpinzani. Zamani alikuwa akilisha mawe kwenye karasha, ile mashine ya kusaga mawe ya dhahabu, na huko alijifunza kwamba ukimwaga toroli zima kwa mkupuo, mashine inakwama na bosi anakutukana mpaka ukoo. Basi rauta yake kaipangia vivyo hivyo. Kila kinachotumwa, picha au video, kisubiri foleni mle ndani kitoke kidogo kidogo, chini kidogo ya uwezo wa antena. Wachimbaji wa kwenye benchi lake humwita Bomba Nusu. Wala hajali.

Ila siku ya kukagua ng'ombe wa mahari, furaha ilimvuruga akili. Kwa desturi, mkwe huja mwenyewe kuwaona wakitembea. Mzee Bujiku, baba wa mchumba wake Noela, anaumwa mgongo, na kutoka Songwa asingefika mzima. Ikakubaliwa awakague kwa simu, Noela akimshikia. Asipowapenda, hakuna ndoa. Jilala akawaleta nyuma ya banda lake, na mmoja mweupe, mwenye kwato mbovu, akamficha katikati ya kundi.

"Jamani, leo naposa!" akawatangazia wateja. "Nimeondoa kikomo. Tumeni mtakavyo!"

Ungewaona! Mwenye video ya ngoma, mwenye ya shemeji yake kalewa, wote wakarusha papo hapo.

Jilala akampigia mzee kwa video. "Shikamoo, baba."

"Marahaba. Watembeze."

Mjomba wake, Athanas, akainua fimbo, ng'ombe wakapita kwa maringo. Kule Songwa ikaonekana vingine kabisa: mguu unanyanyuka, unaganda hewani, kisha ng'ombe anaibukia mbele ghafla.

"Bebe, wewe Jilala!" mzee akafoka. "Kundi zima linachechemea! Binti yangu nimemwokota?"

"Baba, ni mtandao…"

"Mtandao una kwato?"

Jilala akakimbilia ndani, simu mkononi. Alishajua: antena imekabwa na video za walevi. Kurudisha kikomo ni kugusa mara moja tu, lakini mkono ukasita. Picha ikitulia, yule mweupe ataonekana. Akamsikia Noela kwenye simu: "Baba, subiri kidogo, nakuomba." Roho ikamuuma. Akarudisha kikomo, benchi zima likamlaani.

Akatoka nje, ng'ombe wakapita tena, safari hii bila kukatika. Mzee akanyoosha kidole kwenye kioo cha simu.

"Huyo mweupe?"

"Huyo ni kweli, baba. Nilimficha."

Mzee akacheka mpaka mgongo ukamkumbusha. "Huyo tutamla harusini, kwenye mahari hamo. Tafuta mwingine, uwalete. Ila uwaingize taratibu, mlango wa zizi langu ni mwembamba."

"Hiyo, baba," Jilala akasema huku akifuta machozi, "ndiyo kazi yangu."