Makosa Kumi na Moja ya Mzee Alois

Hidaya alikuwa mtu wa kompyuta katika ofisi ya jumuiya ya maji ya Lukungwi, pale Bigwa, mlima unapoanza. Mtu wa kompyuta maana yake printa ni yake, simu za wenzake ni zake, na feni ikigoma anaitwa yeye. Mwaka jana aliufuta mfumo wa zamani uliojaa virusi, akaweka Linux, isiyolipiwa hata senti, kwenye mashine saba zilizochoka. Siku tatu walimnunia kwa sababu kitufe cha kuzimia kimehamia juu. Siku ya nne wakasahau, ndivyo walivyo walalamikaji.

Akaona haitoshi. Akatengeneza wiki ya ofisi, yaani kurasa za ndani ambazo kila mfanyakazi anaweza kuandika, na kurekebisha alichoandika mwenzake. Aliyemlenga hasa ni Mzee Alois, fundi mkuu, Mluguru wa Mgeta, miaka thelathini na mmoja kwenye mabomba, anayestaafu Ijumaa na ramani yote iko kichwani. Mzee aliandika kurasa arobaini kwa kidole kimoja, miwani puani, na Hidaya alimpenda kwa hilo.

Tatizo lilikuwa tangi la Kibwe. Mzee aliandika kwamba ukitaka kulisafisha, ufunge kwanza valvu ya juu. Zamani ilikuwa kweli. Lakini bomba lilibadilishwa baada ya magoti kumkatalia kupanda mlima, na siku hizi ukianza na ya juu, bomba la chini linapasuka na vijiji vitatu vinakosa maji. Ofisi nzima ilijua. Na Jumatatu anakuja fundi mpya kutoka Turiani, asiye na mwalimu mwingine ila kurasa hizo.

Unadhani kuna aliyerekebisha? Watu kumi na wanane waliandika chini ya ukurasa, "Shikamoo mzee, tumesoma, asante." Na mzee, mtu wa adabu zake, akawajibu "Marahaba" mmoja mmoja kwa kidole kile kile, asubuhi nzima ikaishia hapo.

Jumanne Hidaya alifungua ukurasa ahariri. Amfute mtu wa umri wa baba yake, na jina la mfutaji libaki pale kila mtu alione? Akaufunga. Jumatano vilevile.

Alhamisi akamfuata Nasibu wa stoo, Mnyamwezi wa Tabora. Wanyamwezi na Waluguru ni watani, na mtani ana ruhusa ambayo hata meneja hana. Nasibu hakungoja kubembelezwa. Akaandika palepale kwenye ukurasa wa Kibwe: "Mluguru huyu alishiba magimbi akalala, bomba likabadilishwa hana habari. Ifungwe ya chini kwanza. Ni mimi tajiri yako, Nasibu."

Katika chumba cha pili, mzee akasoma. Akacheka mpaka akakohoa, na jibu likaja herufi moja moja: "Mbeba mizigo wewe, tangu lini ukajua maji?" Baada ya muda, mstari mwingine: "Lakini ni kweli?"

"Kweli," akaandika Nasibu.

Mzee Alois akaja mezani kwa Hidaya. Kicheko kilikuwa kimekwisha.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Makosa mengine yapo?"

"Yapo."

"Mangapi?"

"Kumi na moja."

"Na wote mnayajua."

"Tunayajua, mzee."

Akavuta kiti, akakaa taratibu kwa ajili ya magoti. "Mliniandikia kwamba mmesoma."

"Tulisoma."

"Mkaniacha niondoke hivyo. Maji yakatike, watu wa kule juu waseme, ni Alois aliyeandika."

Hidaya aliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. "Tuliona tukikusahihisha tumekuvunjia heshima."

"Nasibu ni mtani, yake nimeicheka," mzee akasema. "Sasa fanya wewe, nami nikiwa naona."

Hidaya akafungua ukurasa wa chemchemi ya Luhongo, akazichagua sentensi tatu zenye kosa, ambazo mzee alizihangaikia nusu siku. Akamtazama. Mzee alikwisha vaa miwani.

Akazifuta.

"Endelea," mzee akasema, akisogeza kiti karibu na kioo cha kompyuta. "Usiniangalie mimi. Yamebaki kumi, na kesho nastaafu."