Unyuzi wa Pamba kwenye Transfa

Siku yangu ya kwanza karakanani, kule Maswa, Msimamizi wa Zamu alinitazama kuanzia viatu hadi kilemba, akanipa ndoo ya dizeli na vyuma vya kuosha. Nikaosha. Nilipomaliza akaniletea vingine. Nyinyi vijana mnaoshika kompyuta ya kupimia gari kabla hamjashika spana mtanicheka, lakini kwa kuosha ndiko nilikojifunza kila chuma kinakaa wapi na kinaumia wapi.

Baadaye nilihamishiwa Bariadi. Mkuu wa Karakana wa pale alikuwa mkali, ila akicheka, karakana nzima inacheka naye.

Mvua zilipoanza, gari la wagonjwa la hospitali likaanza kuvuja transfa. Transfa ni kile kisanduku cha gia kilicho nyuma ya giaboksi, kinachogawa nguvu ya injini mbele na nyuma ili gari livute kwa magurudumu yote. Bila hiyo, tope jeusi la kule vijijini Shishiyu halikuachii. Tulibadilisha sili, zile pete za mpira zinazobana shafti, ule mhimili unaozunguka, ili oili isitoke. Ikavuja. Tukabadilisha tena. Ikavuja tena.

Mkuu akachemka. "Ikivuja mara hii, gari linakwenda Mwanza. Na likienda Mwanza mnajua wenyewe, mvua zitaisha halijarudi."

Maduhu, dereva wa gari lile, alikuwa amekaa juu ya tairi. Akanigeukia, akaniita mama kwa Kisukuma. "Mayu, sasa wajawazito wa Shishiyu nitawabeba na nini? Mkokoteni wa ng'ombe?"

Swali lile liliniuma. Nikaomba transfa niifunge mimi. Mkuu akakubali, nadhani kwa kuchoka tu.

Nilipoitoa ile sili mpya iliyovuja, sikuitupa. Niliigeuzageuza juani. Kwenye mdomo wake, pale panapogusa shafti, palikuwa na unyuzi mweupe, mwembamba kama unywele wa mtoto. Pamba! Bariadi pamba iko kila mahali, nasi tulikuwa tukifutia vyuma kwa pamba ya kutoka kiwandani. Laini, safi, tena ya bure. Lakini unyuzi mmoja ukibaki, oili inapenya pembeni yake polepole.

Nikachukua kitambaa cha khanga kuukuu nilichofungia ugali wangu, kilichofuliwa mpaka hakitoi nyuzi tena. Nikafuta shafti, nikapitisha kidole kuhakikisha, nikapaka mdomo wa sili nyingine mpya oili kidogo, kisha nikaigonga taratibu pande zote ikae sawa. Nikapaka gundi ya gasketi, nyembamba, nikaunganisha vipande viwili vya kisanduku na kukaza boliti kwa kupishana, hii kisha ya upande wa pili, kisije kikapinda. Nikazungusha shafti kwa mkono. Ilizunguka laini, nikafurahi peke yangu.

"Ugali wako umeuacha wazi, nzi wanakula," Mkuu akasema nyuma yangu.

Nikamwonyesha ule unyuzi. Akaushika kwa kucha, akautazama, akaangua kicheko. "Kumbe pamba yetu wenyewe ndiyo inatumaliza!" Magunia ya pamba akampelekea mkewe ashonee mito.

Maduhu akaenda Shishiyu mvua ikinyesha. Alirudi gari limejaa tope hadi kwenye vioo, ndani kuna mama mwenye uchungu, akapitiliza moja kwa moja hospitali. Alipotuletea gari, mtoto alikuwa amekwisha kuzaliwa salama. Mkuu aliingia chini mwenyewe, na suruali yake ya kupigwa pasi, akapapasa transfa. Akatoa mkono. Una tope, hauna oili.

"Wabeja, mayu," akanishukuru kwa Kisukuma. Gari halikwenda Mwanza.

Sasa nimestaafu. Nyumba yangu iko kando ya barabara, na magari ya wagonjwa ya siku hizi ni mazuri kuliko letu. Dereva akisimama kunisalimu nampa maji, tunataniana. Akishaondoka, natembea hadi pale gari liliposimama, nainama kadiri magoti yanavyoniruhusu, natazama chini. Pakiwa pakavu, narudi ndani kuendelea na uzee wangu.