Hesabu ya Shamba la Zegereni

Mnunuzi wa shamba letu la Zegereni alimpa baba njia mbili: achukue hela zote siku hiyo, au alipwe kila mwaka kwa miaka kumi, jumla ikiwa kubwa zaidi. Baba akachagua miaka kumi. Mimi, niliyesomeshwa uhasibu kwa ng'ombe wake, nilichukia. Nilifungua kompyuta mbele yake, nikaingiza riba, miaka na malipo kwenye Ekseli, nikamwonyesha kuwa hela ya mwaka wa kumi, kwa thamani ya leo, haifiki hata nusu ya kiasi kilichoandikwa.

“Baba, unaibiwa mchana kweupe!”

Wiki hiyo alikuwa ametoka hospitali, figo zimeshakataa kazi. Aliitazama skrini, kisha akachungulia mlangoni kuhakikisha mama hayupo karibu.

“Hesabu yako ni sahihi, mwanangu. Lakini zikija zote, mtazimalizia kwenye mashine ya kunisafisha damu, na nitakufa vilevile. Mama yako atakula nini?”

Nilifunga kompyuta.

Mwaka huu mama amepokea malipo ya pili, peke yake. Lile faili sijalifuta. Ukilifungua, bado linasema baba alikosea.