Pini ya Plau Ndani ya Mjohoro

Mwaka 1974 nilikuwa na miaka kumi na moja, na shida zangu zilianza siku ya tatu baada ya kumzika baba. Baba zangu wadogo walikuja wakachukua maksai wawili, wakachukua na plau, mama wakamwachia jembe la mkono. Kitu kimoja hawakukipata: pini ya kuunganishia plau na mnyororo, chuma cha urefu wa shibiri, kinene kama kidole gumba. Niliificha mimi. Walipekua nyumba mpaka ndani ya chungu cha mlenda. Hawakuiona, kwa sababu wakati wanapekua, pini ilikuwa shuleni imeshikilia kengele.

Shule yetu, huku upande wa Issuna, kengele yake ilikuwa ringi ya lori, na haikuwa na pa kutundikwa. Mwalimu akauliza nani ana chuma. Nikanyoosha mkono, mara ya kwanza na ya mwisho katika elimu yangu. Nikaipigilia pini kwa jiwe kwenye mjohoro uliokuwa mbele ya ofisi, usawa wa kifua changu, mti ukiwa mwembamba kama paja la mtu mzima. Mwezi uliofuata niliacha darasa la tatu nikaenda kulima vibarua. Pini ikabaki pale, na mti ukaanza kuimeza polepole, kama kibogoyo na mnofu.

Nayasema haya ili ujue kwamba mimi, kuliko mtu yeyote, nilijua kuna chuma ndani ya mti ule.

Uzeeni nikawa mpasua mbao. Chenso, msumeno wa injini, niliipata kwa kuku wa mke wangu. Aliuza banda zima, akanikabidhi mashine akasema, "Ukiivunja, usirudi na hadithi." Nikamjibu kwamba anaongea na mwanaume aliyejitengeneza mwenyewe. Akaenda kufagia banda tupu. Ningekuwa na akili ningeuogopa ule ufagio.

Adui wa chenso si mti mgumu. Adui ni chuma kilicholala ndani. Nimekuta msumari wa bango la mgombea, nimekuta waya wa mzinga kwenye gogo lililotoka Rungwa, na mara moja kichwa cha mshale. Kwa hiyo nikawa na desturi ya kuligonga gogo kwa kisigino cha shoka na kusikiliza kabla ya kupasua. Watu wakaniita daktari wa miti, nami sikuwakataza. Ukweli ni kwamba sikuwa nasikia chochote wasichosikia wao. Nilikuwa nafumba macho tu, na watu wakimwona mzee kafumba macho wanaamini.

Mwaka juzi mizizi ya ule mjohoro ikaanza kupasua ukuta wa ofisi. Kijiji kikakubaliana ukatwe, nusu ya mbao iwe madawati, nusu iwe ujira wangu. Nilikuwa na cheni moja tu na baa moja, ule ubapa wa chuma ambao cheni huzunguka, lakini kwa mbao za mjohoro ningenunua nyingine na kuacha kabisa kushika jembe la mtu. Hilo ndilo nililokuwa nalitaka kuliko vyote: nisirudi kwenye vibarua.

Mwalimu mkuu, binti mdogo mwenye adabu, alinipokea getini. "Shikamoo mzee. Tunasikia mti huu una chuma."

"Marahaba. Kipo. Nimekiweka mimi, na ninajua kilipo."

Nikawaeleza wazazi waliokusanyika. Pini niliiweka usawa wa kifua, mti ukiwa mfupi. Tangu hapo mti umerefuka mara nne, na pini imepanda nao. Kwa hiyo sasa ipo juu, karibu na matawi. Mtoto akipata kovu gotini, nikasema, akikua si kovu linapanda na goti? Wakatikisa vichwa kukubali. Yalikuwa maelezo mazuri sana. Hata leo nikiyasikia yananivutia.

Mmoja hakutikisa kichwa. Mpishi wa uji wa shule ni dada mkubwa wa mke wangu, na darasa la tatu tulikaa dawati moja. Alikuwa amesimama na mwiko wake.

"Shemeji, chuma hakipandi."

"Umejuaje?"

"Kwangu nina msumari kwenye mwarobaini. Niliupigilia nikiwa bibi harusi, nifunge kamba ya nguo. Mpaka leo naanika bila ngazi."

"Mwarobaini ni mti wa dawa. Una tabia zake."

"Na wewe una zako."

Mwalimu mkuu akasema taratibu kwamba hata kitabu cha sayansi kinaeleza mti hurefukia nchani. Nikamwambia kitabu hakijawahi kupasua ubao.

Nikauangusha mti vizuri kabisa, nikatoa magogo mawili. Lile la juu, safi, limenyooka, nikalihukumu. "Shemeji, chukua hili ukapikie uji. Lina chuma." Akashukuru, akaomba wazazi wawili walivingirishe nyuma ya jiko.

Likabaki la chini. Kwenye mkato wake kulikuwa na doa jeusi kama wino uliomwagika. Doa la namna hiyo nimelikuta mara nyingi, na kila mara ndani kulikuwa na chuma. Siku hiyo niliwaambia ni uzee wa mti. Nikaligonga kwa shoka. Nikafumba macho. Nikawasha mashine.

Sikufika mbali. Cheche ziliruka, cheni ikakatika ikapita kando ya goti langu ikiwa na kipande cha suruali, na baa ikajikunja. Nami, kwa mazoea ya kazi, nikafoka maneno ambayo huyafoka kila nikigonga chuma: "Mjinga gani huyu anapigilia chuma kwenye mti wa watu?"

"Namjua," akasema shemeji. "Kaptura yake ilikuwa na matundu mawili nyuma. Nilikuwa nakaa naye."

Walicheka mpaka wenye heshima zao wakageukia ukutani. Nikapima kwa fimbo kutoka mkato wa chini hadi kwenye pini, nikajumlisha na kisiki: kiuno changu cha leo, kifua changu cha wakati ule. Haikupanda hata kidole.

Habari ilitangulia kufika nyumbani.

"Nilisema usirudi na hadithi," mke wangu akasema.

"Sikurudi na hadithi. Nimerudi na baa."

"Kuku wa wenzangu wanachukuliwa na mwewe. Wangu wanaliwa na chenso."

Msimu ule, nikiwa na miaka sitini na kitu, nilipalilia alizeti za watu, mstari mmoja na wajukuu wa niliolima nao utotoni. Walikuwa wananiamkia vizuri, halafu wananipita.

Baada ya mavuno mke wangu akauza kuku tena, akaninunulia baa na cheni, bila mimi kuomba. Sharti lilikuwa moja: kazi ya kwanza iwe shuleni. Nikaenda. Nyuma ya jiko lile gogo la juu lilikuwa limelala kwenye mawe mawili, limefunikwa maturubai, halina hata alama ya shoka.

"Hukulichoma?"

"Nilipikia matawi. Pasua, shemeji. Au unataka kufumba macho kwanza?"

Sikugonga wala sikufumba. Lilitoa mbao nzuri, hakuna hata msumari. Nilipotaja nusu yangu, akanikumbusha kwamba gogo nilimpa mbele ya watu. Zote zikawa madawati. Lile la chini tulilipasua kwa shoka na kabari, nikaichukua pini yangu.

Leo, kwa mbao na kwa kuku, nina nyumba ya matofali ya kuchoma, ya bati. Nina eka sita za alizeti na uwele. Nina maksai wawili na plau. Nina chenso moja, baa mpya na cheni mbili. Nina mke mmoja. Kuku ni wake. Na nina pini ya baba, imeliwa na meno ya cheni mpaka katikati. Plau nimeinunulia pini nyingine.