Kuku Aliyekataliwa Zahanatini

Mwaka ule wa kuhamia vijijini, Fanueli alikuwa anakaribia kustaafu kazi ya kupasua mbao kwenye msitu wa Shume, na nyumba ya kambi ilitakiwa kurudishwa. Akaambiwa achague. Angeweza kurudi kwao mlimani, karibu na hospitali ya misheni, ambako mgonjwa hulipa hata kwa debe la maharage. Au angepewa kiwanja katika kijiji kipya bondeni, ambako serikali ilikuwa imefungua zahanati na matibabu yalikuwa bure.

Esta, mkewe, alikuwa anakohoa tangu kipupwe.

"Twende kwetu, Baba Mika," alisema. "Misheni wananijua."

"Wanayajua maharage yako! Nikishastaafu, na mgongo huu, nani atayalima? Bondeni tutatibiwa mpaka tunaingia kaburini, hatuulizwi kitu."

"Hilo ndilo linalonitisha. Kutoulizwa kitu."

Fanueli alicheka. Ujana wake wote ulikwisha akiwapasulia wageni mbao. Sasa ilikuwa kama nchi yenyewe imemgeukia na kumwambia, haya mzee, kaa chini, zamu yetu. Angeikataaje heshima ile? Akachagua bondeni.

Muuguzi wa zahanati alikuwa binti wa Muheza, Zuhura. Makohozi ya Esta yalipelekwa Lushoto, majibu yakarudi: kifua kikuu. Akapewa vidonge vya mwezi mzima. Esta akatoa kuku aliyemficha ndani ya kanga.

"Pokea, mwanangu."

"Mama, nisamehe, siruhusiwi. Wataiita hongo. Dawa ni za bure."

"Za bure," Esta akarudia, kama anayeonja mboga iliyochacha.

Fanueli alijua kilichomsumbua. Bibi yake Esta alikuwa mganga wa mizizi, na hakugusa jembe la kuchimbia dawa mpaka mgonjwa aweke kitu chini, hata chumvi kidogo tu. Dawa ambayo haijalipiwa haimfuati mgonjwa, alisema; inabaki kwa aliyeitoa. Esta aliimba kwaya ya Kilutheri na katekisimu yote alikuwa nayo kichwani, lakini neno hilo la bibi halikumtoka.

"Serikali imeshakulipia, Mama Mika."

"Serikali haikohoi."

Fanueli alicheka mpaka machozi yakamtoka. Jioni ile akausimulia utani huo bombani, na kesho yake kijiji kizima kilikuwa nao. Kila mwezi Esta alishuka na kuku wake, na kila mwezi alipanda naye. Majirani wakasema kuku yule naye anahudhuria kliniki. Fanueli alicheka pamoja nao.

Masika yalipoingia, Esta hakuweza tena kujitwisha ndoo. Mifupa ya mabega ilichomoza chini ya kanga.

"Dawa gani hizi zisizosaidia?" Fanueli akaropoka.

Esta akainama polepole, akavuta kopo la majani ya chai kutoka chini ya kitanda, akalifunua. Vidonge vilijaa mpaka juu.

"Nimevitunza vizuri, havijapata unyevu," alisema. "Siku Zuhura akimpokea kuku, nitaanza."

Fanueli hakugomba. Alipiga magoti penye udongo, akachota maji kwa kikombe, akamsihi mkewe kama mtu anayeomba msamaha. Esta akameza. Alimtazama kwa huruma, kama mgeni aliyeshiba anayekula ili mwenyeji asivunjike moyo. Akameza vivyo hivyo kila siku, kwa kumridhisha tu, kifua kikiwa kimekwisha kuliwa. Mahindi yalikuwa hayajatoa mbelewele walipomzika.

Matanga yalipokwisha, Fanueli alimkamata kuku, akachukua na lile kopo, akateremka zahanatini asubuhi yenye ukungu.

"Shikamoo, baba. Pole sana," alisema Zuhura.

"Marahaba."

Akamweka kuku juu ya meza. Zuhura akalitazama tangazo la ukutani, lile la kukataza zawadi, kisha akamtazama mzee. Akasimama. Akampokea kuku kwa mikono miwili, akambana kifuani, asijue ampeleke wapi.

Fanueli akalisogeza kopo mbele yake.

"Hivi vilivyobaki mpe mwingine, binti yangu," alisema. "Vimeshalipiwa."