Samaki wa Onesmo, Fundi Baiskeli wa Kongowe

Na hilo la uvivu nalo mlifute. Mtu kakanyaga baiskeli kutoka Kibaha mpaka Oyster Bay kila Jumapili, wiki kumi na moja, kwenda na kurudi, dumu la maji ya chumvi limefungwa nyuma kwa mpira wa tyubu, halafu leo watu wanakaa kwenye kahawa wanamwita mvivu. Eti kaua samaki wa shule kwa uzembe. Hao wanaosema hivyo, hata kuku wa kuangaliwa siku mbili wangemshindwa. Basi tulieni mwelezwe ilivyokuwa, kisha mseme.

Onesmo ni yule fundi baiskeli wa pembeni ya barabara ya Morogoro, hapa Kongowe ya Kibaha. Kibanda chake bati tatu, beseni la kutafutia pancha, pampu moja ya mguu na sanduku la spana. Shule aliishia darasa la nne, baba yake alipofariki. Analala Mkuza, chumba kimoja cha kupanga, yeye na mama yake, Bi Eugenia. Zamani walikuwa wanne humo, pamoja na Laurentia, mkewe, na mtoto wao Kristina. Masika ya mwaka jana bati likavuja juu ya kitanda, Kristina akashikwa na kifua, kidogo wamzike. Baba yake Laurentia, Mzee Damiani, akaja kutoka Mzenga akawachukua wote wawili, mama na mtoto. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Mkwe, mimi sina ugomvi na wewe. Siku ukipata kazi ya mshahara na nyumba isiyovuja, njoo na barua mkononi, mkeo yupo." Angebisha vipi? Mahari yenyewe ilikuwa nusu, kanisani walikuwa hawajaenda.

Toka siku ile Onesmo akawa mtu wa kutafuta barua. Kiwandani wakamwambia nafasi hakuna, wilayani wakamwambia alete cheti. Cheti cha darasa la nne ukikitoa mfukoni watu wanakuangalia kama umetoa panya.

Mwezi wa kumi na mbili ndiyo akaja Mwalimu Silvanus na baiskeli yake, spoku zimekatika. Huyu anafundisha bayolojia kwenye sekondari moja huku Kibaha. Wakati Onesmo anaifunga ile ringi, mwalimu akawa analalamika. Shuleni kulikuwa na tangi la kioo, aliliacha mwalimu mmoja Mzungu alipoondoka. Lilikuwa la samaki wa bahari walio hai, na mawe ya matumbawe yaliyo hai, wanafunzi waone bahari bila kupelekwa baharini. Mashine ya umeme ya kupulizia hewa ikaungua, samaki wakafa kwa kukosa pumzi. Mashine nyingine haipatikani nchi nzima.

Onesmo akauliza, "Kwani wanachotaka ni hewa tu?"

"Hewa tu."

"Mwalimu, mimi hewa ndiyo ninayouza."

Akachukua tyubu ya lori, akaijaza kwa pampu, akafunga kampira kembamba kwenye mdomo wake na kukabana kwa waya, hewa ikawa inatoka kidogo kidogo. Kale kampira akakatumbukiza kwenye beseni la pancha. Vipovu vikapanda mfululizo, na mwalimu akachuchumaa pale mavumbini akaviangalia mpaka Onesmo akamaliza ringi. Tyubu moja ilikwenda toka asubuhi mpaka adhuhuri.

Mwalimu akatoa ahadi hapo hapo, na Mwishehe muuza kahawa alikuwepo akasikia. Shule ilikuwa inatafuta mtu wa maabara, wa kuosha chupa na kutunza viumbe. Mshahara wa serikali, na chumba kule kwenye nyumba za wafanyakazi, cha bati jipya, jiko pembeni, bomba uani. Onesmo alichukue tangi akalijaze nyumbani kwake. Samaki wakiwa hai mpaka Pasaka, mwalimu ataandika barua mwenyewe kwa mkuu wa shule, na hakuna atakayeuliza cheti.

Mnaona? Wala si starehe, wala si uzungu kama mlivyokuwa mnasema. Pale palikuwa na mke na mtoto.

Tangi likaja kwa mkokoteni. Pembe za chuma zilikuwa zimeliwa na kutu, kona moja inavuja. Onesmo akakwangua, akaziba kwa lami, akaliloweka wiki mbili akibadilisha maji mpaka harufu ikaisha. Mchanga na maji ya kwanza yaliletwa na gari la shule. Viumbe walikwenda kuwachukua pamoja na mwalimu, maji yamekupwa, wanatembea juu ya mwamba na ndoo. Wakapata mawe matatu ya matumbawe yaliyo hai, konokono wanne, jongoo bahari mmoja, vidagaa vitatu vya rangi ya buluu, na lile ua la bahari lenye vidole laini, pamoja na samaki wake wawili wa rangi ya chungwa wanaolala humo humo kwenye vidole.

Tangi likawekwa dirishani, matumbawe yapate jua, mahali palipokuwa na kitanda cha Kristina. Mwalimu akatoa maagizo, na haya Onesmo aliyashika kama amri kumi. Chakula ni kamba waliosagwa, kidogo. Hewa isikatike. Maji ya zamani yasimwagwe, ndiyo yenye uhai. Na la mwisho akalisema ameshika mlango: "Humu ni maji ya bahari tu. Kitu kingine chochote usije ukatia." Siku chache baadaye akaitwa semina Morogoro ya miezi mitatu, akaondoka.

Januari yote ilikuwa raha. Ile nyumba ilijaa watoto wa jirani wakichungulia dirishani. Wakubwa nao walikuja, ila wao midomo yao haikai. Mwishehe ndiyo alizidi.

"Bwana Bahari, hao unawakaanga lini?"

"Hawaliwi."

"Hawaliwi, wanakula kamba. Wewe unayeliwa na kunguni unakula dona kavu. Nani anamfuga mwenzie hapo?"

Watu wakacheka, Onesmo mwenyewe akacheka. Alikuwa na kiburi kidogo, na alistahili. Kondakta wa basi la Kisarawe akapewa salamu za Mzenga, akarudi na jibu la Laurentia: mwambie sanduku nimeshalifungasha, liko chini ya kitanda. Siku ile Onesmo alipiga pampu huku anaimba.

Sasa jua la kiangazi mnalijua. Maji kwenye tangi yakawa yanapungua, kidole kimoja kwa wiki. Mtu mwenye akili zake afanye nini? Kaambiwa maji ya bahari tu. Basi Jumapili baada ya misa ya kwanza anakamata njia, anashuka Kimara na jua la saa tatu, anachota Oyster Bay, anageuka. Kurudi ndiyo kesi, vilima vyote vinamsubiri yeye. Jioni anafika miguu inatetemeka, anamimina, tangi linajaa mpaka ukingoni. Anakaa kwenye ndoo anawaangalia.

Mwezi wa pili mambo yakaanza kugeuka. Kwenye ukingo wa kioo palianza kushika ukoko mweupe, akawa anaufuta kwa kitambaa, anadhani vumbi. Konokono wakajifungia kwenye magamba. Ua la bahari likasinyaa likawa kama ngumi. Vidagaa vya buluu vikapanda juu vikawa vinahema haraka haraka. Onesmo kwa akili ya fundi akaona hewa haitoshi, akafunga tyubu ya pili. Maji yakachemka kwa vipovu, na kwa vile yalikuwa yanarukaruka yakazidi kupungua. Yakizidi kupungua anaongeza ya bahari. Ikawa hata katikati ya wiki anafunga kibanda anaenda. Wateja wakahamia kwa fundi mwingine.

Siku moja Bi Eugenia alikuwa anasonga ugali karibu na dirisha, povu la tangi likamrukia mkononi. Akaramba. Akaweka mwiko chini, akachovya kidole kwenye tangi, akaramba tena.

"Onesmo, baba, hii chumvi imepita ya baharini."

"Mama, ni maji ya bahari, ulitaka yawe ya nini?"

"Bahari naijua, nimezaliwa Kisiju. Haya ni makali. Mchuzi ukikauka hurudishii chumvi, unarudishia maji. Tia kata moja ya maji ya kunywa uone."

Onesmo alikuwa ametoka baiskelini, mgongo unawaka. Akamjibu vibaya. Alimuuliza yeye bayolojia kasomea wapi, jikoni? Akamwambia mwalimu kasoma mpaka chuo kikuu na kasema kitu kingine kisitiwe, sasa yeye anataka kuwaua samaki na kazi yake na ndoa yake kwa kata moja. Bi Eugenia akafuta kidole kwenye kanga. Akachukua mwiko akaendelea kusonga.

Tusimlaumu sana. Toka utoto tunaambiwa aliyesoma ndiye anayejua, wengine tufuate. Kafuata. Kosa lake ni kufuata.

Mwezi wa tatu mvua zikaja. Hapa ndipo roho inapouma. Maji matamu ya mvua yanamwagika kutoka kwenye bati, ndoo zinajaa uani, sufuria zinajaa, na bati lenyewe linavuja palepale pa zamani, juu ya tangi. Tone likidondoka humo, Onesmo anashtuka kama limedondoka moto. Akatafuta turubai akalifunika tangi, tone lisiingie. Halafu yeye akavaa gunia kichwani akatoka na mvua ile ile kwenda Oyster Bay kuchota chumvi.

Matumbawe yakawa meupe, yakatoa utelezi. Jongoo bahari akalala hakuamka. Vidagaa vikaondoka kimoja kimoja. Wiki kabla ya Pasaka walikuwa wamebaki wale wawili wa rangi ya chungwa, wamekaa chini wamegusana, ua lao limeshaoza. Onesmo aliacha kazi kabisa akakaa nao. Akawa anapiga pampu, anaongea nao, anawaomba, siku saba tu, siku sita tu. Jumanne asubuhi mmoja alikuwa ubavu juu. Mwenzake alimfuata kabla ya adhuhuri.

Mwalimu Silvanus alirudi Alhamisi Kuu. Akalitazama tangi, akatoa mkobani kipimo chake, kile kijiti cha kioo kinachoelea, akakitumbukiza. Kikasimama juu mno, kama kimekataa kuzama.

"Ulikuwa unaongezea maji gani?"

"Ya bahari. Kama ulivyosema."

Mwalimu akakichomoa kipimo. Akasema, "Haa, Onesmo. Yanayokauka ni maji, chumvi inabaki. Ukiongeza unaongeza yasiyo na chumvi, ya mvua au ya kisima. Hilo si kila mtu anajua?"

"Kila mtu nani?" Onesmo akauliza. "Mbona hukuniambia?"

Bi Eugenia alikuwa mlangoni na ungo wa mchele. Akaendelea kupepeta. Onesmo anasema bora angemsema, angemtukana hata mbele ya mgeni.

Mwalimu akafuta kipimo chake, akakirudisha mkobani. Akasema anasikitika, lakini barua ataiandikaje, mkuu akija kuangalia ataonyeshwa nini? Akapanda baiskeli ile ile aliyofungiwa spoku, akaondoka. Tangi hata hakulichukua.

Jumapili ya Pasaka Onesmo alikwenda Mzenga mikono mitupu. Akatoa shikamoo, akaitikiwa, akaeleza yote, hakuficha hata la mama yake. Mzee Damiani alimsikiliza mpaka mwisho. Akamwambia yuko karani mmoja wa Kisarawe mjini, anaitwa Cornel, keshaleta wazee mara mbili, na Jumamosi ya wiki ijayo wanakuja na mahari kamili. "Wanasema ulipewa samaki ukawaua kwa uzembe. Nami mtoto wangu na mjukuu nikurudishie? Wewe utajitetea, ni haki yako. Aje mtu aliyesoma aniambie kwa kinywa chake kwamba haukuwa uzembe. Huyo nitamsikiliza, na karani nitamwambia asubiri."

Laurentia alimsindikiza mpaka barabarani, Kristina mgongoni amelala. Alimuuliza kitu kimoja tu: "Huyo mwalimu atakuja?"

Onesmo akasema atakuja.

Hakuja. Onesmo kamfuata mara tatu. Mara ya kwanza ana mtihani wa kusimamia, mara ya pili ana wageni, mara ya tatu akamtuma mwanafunzi aseme hayupo, na baiskeli yake imeegemea ukutani. Kwenda kijijini kumwambia mzee mkulima "nilisahau kumweleza", hilo limemshinda mtu wa chuo kikuu.

Kibanda cha Onesmo kimefungwa. Yuko ndani Mkuza, kakaa kwenye ndoo mbele ya tangi, maji yamekauka mpaka nusu na hayaongezi. Hali, haogi, ukimwita anaitika bila kugeuka. Mama yake kaficha kamba ya kuanikia nguo.

Basi wewe unayesoma hapa, kusoma unajua. Kwa Mzee Damiani hiyo inatosha. Basi la Mzenga linapita Kisarawe asubuhi. Panda, shuka, uliza kwa Mzee Damiani, utaonyeshwa. Mwambie maji hukauka na chumvi hubaki, na kwamba Onesmo alifanya kila alichoambiwa. Jumamosi ndiyo siku yenyewe. Nenda Ijumaa.