Kasiva Anangoja Wimbo Uanze

Kosa lilikuwa letu sisi watatu tuliokaa nyuma ya meza ya watahini, na la anayeandika haya lilikuwa kubwa kuliko la wenzake, kwa kuwa yeye ndiye aliyesoma zaidi. Tulipomwona Winfred Kasiva ameketi mbele ya kinanda, mikono imelala mapajani, asiguse hata kibonye kimoja, tulidhani hajui. Tulimwona kama mkulima aliyekariri nyimbo chache, ambaye mtihani ulikuwa umemfika shingoni, naye akaamua kuuficha ujinga wake nyuma ya ukaidi. Mmoja wetu aliandika neno moja kwenye karatasi ya alama: "Anaogopa." Karatasi hiyo ingali ipo, na mwandiko ni wangu.

Kasiva hakuwa anaogopa. Alikuwa amekasirika.

Alizaliwa Muthetheni, akamaliza kidato cha nne, kisha akaenda kutafuta kazi EPZ, Athi River, katika kiwanda cha nguo. Huko alishona mfuko wa nyuma wa suruali za jinzi, mfuko wa kushoto, kwa miaka kumi na mmoja. Wa kulia ulikuwa wa mwanamke mwingine. Kengele ilimketisha na kengele ilimwinua, na mashine ikikimbia alikimbia nayo. Jumapili ndiyo ilikuwa yake. Kwaya ya wafanyakazi ilikuwa na kinanda kimoja na watu tisa waliotaka kujifunza, kwa hiyo Kasiva alichora vibonye kwa kalamu juu ya boksi la nyuzi, akajizoeza kwenye kitanda chake, akiimba do-re-mi kwa mdomo kwa sababu boksi halitoi sauti.

Mama yake alipopooza, alirudi nyumbani kumtunza. Mama akafariki, Kasiva akabaki. Analima mbaazi na ndengu, na siku za soko hushona sare za shule kwenye baraza la duka la binamu yake. Kila Jumapili hupiga kinanda cha umeme katika kigango chao, kanisa dogo la mawe ambako padri hufika mara moja kwa mwezi na Jumapili nyingine Katekista Musau huongoza sala.

Katika kanisa hilo wimbo hauanzishwi na kinanda. Huanzishwa na Mama Mutindi, benchi la tatu, upande wa wanawake. Siku hizo alikuwa na miaka sabini na sita. Hufumba macho, akatulia, kisha huanza pale koo lake lilipoamkia asubuhi hiyo. Baridi ya Julai ikishika, huanza chini kabisa, kama mtu anayechota maji kwenye shimo la mchangani. Wakati wa Pasaka huanzia juu. Pengine katikati ya wimbo hupanda kidogo bila kumwambia mtu, na kanisa zima likapanda naye.

Kazi ya Kasiva ni kumtafuta. Vidole vyake hupita njia ile ile kila mara, do pale pale alipoichora kwenye boksi, huku kidole kimoja kikikimbilia kitufe kidogo kinachoipandisha na kuishusha sauti ya kinanda chote. Kabla mstari wa pili haujaisha, kinanda huwa kimeshakaa chini ya sauti ya Mutindi kama ngata chini ya mtungi.

Hakuna aliyeona ubaya katika hilo, hata Chama cha Wapiga Kinanda. Kasiva alikuwa mwanachama kwa miaka sita na alikipenda. Walikutana Masii, katika ukumbi wa parokia, Jumamosi moja kila mwezi. Walifundishana kusafisha vibonye vilivyokufa kwa kifutio cha penseli, wakanakiliana nyimbo kwa mkono, na mwanachama akifiwa walikwenda kupiga kinanda mazishini. Kisha akachaguliwa mwenyekiti mpya, Mwalimu Kimanzi, aliyestaafu baada ya miaka thelathini ya kufundisha muziki, mtu mwadilifu asiyependa kitu kilegee.

Kimanzi alileta sheria mbili. Ya kwanza: kinanda ndicho kitakachotoa sauti ya kuanzia, na mtu yeyote wa benchini asifungue mdomo kabla yake. Ya pili: kile kitufe cha kupandisha na kushusha kisiguswe tena. Alikiita mkongojo. Kwenye kinanda cha chama alikifunika yeye mwenyewe kwa selotepu nyeusi, akaisugua kwa ukucha hadi ikashika. Atakayefaulu mtihani kwa masharti hayo atapewa cheti, na asiye na cheti atampisha mwenzake kitini.

Hivyo ndivyo Kasiva alivyojikuta mbele yetu, Jumamosi moja ya Agosti, na wapiga kinanda ishirini na watatu wakimtazama.

"Anza, Kasiva," Mwalimu Kimanzi alisema.

"Nangoja, Mwalimu."

"Unangoja nini?"

"Nangoja mtu aanze kuimba."

Ukumbi ulicheka. Wambua, katibu wa chama, mtu ambaye mzaha haukuwahi kumpita salama, alipaza sauti kutoka nyuma, akimwita mama kwa Kikamba. "Mwaitu, hapa si steji! Hakuna gari linakuja."

"Gari ni wewe, Wambua," Kasiva alimjibu bila kugeuka. "Honi kubwa, ndani hakuna abiria."

Kimanzi aligonga meza kwa penseli. "Tuwe na heshima. Kasiva, kinanda ni kichwa. Umeona wapi miguu ikitangulia kichwa?"

"Kila asubuhi nikitoka kitandani, Mwalimu."

Safari hii tulicheka hata sisi watahini, na hilo lilimchoma Kimanzi. Alisimama. Alieleza, kwa sauti ya darasani, kwamba kanisa bila sauti ya kuanzia ni soko. Kwamba yeye amesikia nyimbo takatifu zikikokotwa kama ng'ombe wasiotaka kwenda.

"Ng'ombe umewataja wewe," Kasiva alisema. "Mchungaji hutembea nyuma yao. Sijasikia mtu akisema ng'ombe ndio wanamchunga."

"Hujui, sema hujui. Tutakufundisha."

Hapo ndipo aliponyoosha mkono. Tulidhani hatimaye anaanza. Badala yake alitafuta ncha ya ile selotepu nyeusi, akaikamata kwa kucha mbili za fundi cherehani, akaibandua yote kwa mvuto mmoja. Sauti ya kubanduka kwake ilisikika hadi mlangoni. Akaibandika kwenye ukingo wa meza yetu, taratibu, kama mtu anayerudisha kitu alichoazima.

"Miaka kumi na mmoja nilifuata mashine," alisema. "Ikikimbia nakimbia, ikizimwa nasimama. Kanisani mashine itafuata watu. Sasa mtu aanze, ama mnipe ruhusa niende nikavune."

Hakuna aliyethubutu kuanza. Kimya hicho kingeweza kummaliza. Wambua ndiye aliyemwokoa bila kukusudia: alitaka kumtega. Aliuanzisha wimbo wa matoleo kwa sauti nyembamba ya kuku aliyeshikwa miguu, juu kabisa, mahali ambapo hakuna mtu mzima anayeimba. Watu waliangua kicheko. Lakini kabla hajafika neno la tano, kinanda kilikuwa naye. Wambua akashuka ghafla, kinanda kikashuka. Akapanda tena kwa ujanja, nacho kikamdaka kama mlezi anayemjua mtoto mtundu. Kufikia kiitikio mzaha ulikuwa umemwisha Wambua na ukumbi mzima ulikuwa unaimba.

Kimanzi hakuimba. Alisubiri wimbo uishe, akaandika "hakufuata masharti", kisha akamwomba Kasiva ainuke. "Sasa tazameni kazi safi," alisema, akawaita waimbaji kumi aliowafunza mwenyewe.

Na hapo mwenyekiti wetu akafanya kosa ambalo mtu anayekitumia kitufe kile hawezi kulifanya. Kwake kitufe hakikuwepo, kwa hiyo hakukitazama. Kinanda kilikuwa bado kimekaa kule juu Wambua alikokiacha na kuku wake. Kimanzi alitoa sauti ya kuanzia kwa madaha, na waimbaji kumi, waliofundishwa kuitii kuliko koo zao, wakaipokea. Wanawake wa sauti ya kwanza walikwenda juu hadi mishipa ikasimama shingoni. Wanaume wa sauti ya tatu walisimama kwa ncha za vidole. Hakuna aliyeacha. Sheria ni sheria. Wimbo uliisha kwa kitu kilichofanana na mlango usiotiwa mafuta, na mwanamke mmoja wa kwaya akaketi chini akishika koo.

Kasiva hakucheka. Alichukua mfuko wake, akasema "Mbaki salama," akatoka.

Barua ilimfika Katekista Musau wiki ya pili. Ilisema Winfred Kasiva hana cheti, na kwamba kuanzia Jumapili ya kwanza ya Septemba kinanda cha kigango kitapigwa na Antony, fundi wa pikipiki wa Masii aliyeongoza katika mtihani.

Jumapili hiyo Kasiva aliwahi kuliko siku zote. Antony alipofika, suti imejaa vumbi la barabara, alimkuta ameketi. Musau alisimama kati yao, barua mkononi, akiwa hana raha.

"Winfred," Musau alisema kwa sauti ya chini, "barua imetoka juu."

"Hata mvua hutoka juu, Katekista, na bado tunaezeka."

"Auntie, mimi nimetumwa tu," Antony alisema.

"Najua, na mimi sikufukuzi. Kiti ni kirefu. Keti."

Antony aliketi kwenye ncha ya kiti kama mgeni aliyefika bila kualikwa. Lakini alikuwa mtu wa neno lake, na neno alikuwa amelitoa kwa chama. Watu walipotulia, alinyoosha mkono mbele ya Kasiva, akapiga sauti ya kuanzia, safi, ndefu, kama ilivyofunzwa Masii. Kanisa lote likaisikia. Kasiva hakumzuia.

Mama Mutindi alifumba macho. Akaanza kuimba chini kabisa ya sauti ile, kama vile hakuna kitu kilichopigwa.

Kicheko kilipita kwenye mabenchi. "Mwaitu amekataa!" mtu alisema upande wa wanaume. Antony aliutoa mkono wake. Kidole cha Kasiva kilikuwa kimeshafika kwenye kitufe, na mstari wa pili uliwakuta wote wawili, mwimbaji na kinanda, mahali pamoja. Sala zilipokwisha, Antony aliikunja barua, akaitia mfukoni, akamsalimu Kasiva kwa mikono miwili. Alipopiga ripoti chamani alisema kweli tupu: sauti ilitolewa, na bibi wa benchi la tatu akaidharau mbele ya kanisa zima.

Tulikubaliana kwamba kigango kile ni kigango cha waasi. Jina la Kasiva likafutwa kwenye daftari la wanachama. Mikono iliyoinuliwa kulifuta ilizidi ile iliyokataa kwa mmoja, na anayeandika haya angependa kusema kwamba wake ulikuwa katika ile iliyokataa. Haukuwa.

Kasiva hakukata rufaa, hakuomba mtu msamaha, wala hakukosa Jumapili hata moja. Alipokutana na Kimanzi sokoni Masii, Krismasi ilipokaribia, alimsalimu kama kawaida: "Habari ya nyumbani, Mwalimu?" Kimanzi alijibu, akaongeza kwamba mlango wa chama haujafungwa, ikiwa atakubali masharti.

"Wangu pia haujafungwa," Kasiva alimwambia. "Njoo Jumapili moja. Lakini usije na selotepu."

Baadhi yetu tulikwenda, mmoja mmoja, kila mtu akijifanya ana shughuli nyingine huko Muthetheni. Tuliketi nyuma. Tulimsikia Mutindi akianza popote alipotaka, na kinanda kikimfikia. Tulirudi tukisema kwamba wale wanawake wawili ni wakaidi wa kuzaliwa, kwamba wamekula kiapo dhidi ya chama.

Februari mwaka huu nilikutana na Mwendwa, mwana wa Mama Mutindi, ambaye anaishi Syokimau. Nilimtania kuhusu mama yake aliyeidharau sauti ya Antony mbele ya kanisa. Hakucheka. Aliniambia kwamba masikio ya mama yake yalikufa yote mawili zaidi ya mwaka mmoja kabla ya mtihani wetu wa Masii. Anaimba kwa kumbukumbu ya koo. Nyumbani walijua, na nje ya nyumba alijua Kasiva peke yake, ambaye Mutindi alimwomba asimwambie mtu, kwa kuwa hakuna kanisa litakalomwachia kiziwi kuanzisha nyimbo. Kasiva aligundua Jumapili moja ambapo stima ilipotea katikati ya wimbo. Kinanda kilikatika, kanisa zima likanyamaza na kugeuka kutazama, na Mutindi akaendelea kuimba peke yake, macho yamefumbwa, hadi ubeti ukaisha.